Barua Tatu Nilizozirudisha

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la stempu kwa kijana aliyerithi dirisha langu. Sijafika hata mlangoni akaniuliza, "Mzee, watu hawa huwa wanachosha hivi siku zote?" Nikamjibu ndiyo, nikaenda zangu. Nilipofika nyumbani niliona jibu hilo ni fupi mno kwa kazi ya miaka yote ile, nikatafuta karatasi. Haya ni kwa ajili yake na wenzake. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Mambo hayo mtayazungumza vizuri bila msaada wangu.

Niliingia kazini kwa sababu ya uji. Baba alifariki kwanza, mama akamfuata kabla ya mavuno, na mimi nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni. Padri alisema niendelee tu kusoma, Mungu atawaangalia wadogo zangu. Nilimheshimu sana padri, lakini wadogo zangu walitaka kula asubuhi ile ile. Nikaacha shule, nikapata kibarua cha kufagia katika ofisi ya barua kwenye stesheni moja ndogo ya reli, mashariki ya Tabora, upande wa Tura. Jina la stesheni naliacha, kwa kuwa makosa nitakayoyasimulia ni yangu, si ya stesheni.

Siku ya kwanza niliunguza vidole vitatu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Feruzi, Mzaramo wa pwani, mtu mkavu mwenye magoti makubwa. Enzi za Mjerumani, kabla reli haijafika, alikuwa tarishi, anabeba mfuko wa barua kwa miguu kwenye njia ile ya zamani ya misafara, na mpaka uzee wake alihesabu umbali kwa kambi, si kwa maili. Alinipa kijiti cha lakiri nyekundu, ile ya kuyeyushwa juu ya fundo la mfuko, na mshumaa, akaniambia nifunge mfuko wa treni ya kwenda Tabora. Nikaifunga lakiri ile pamoja na ngozi yangu.

"Nyinyi Wanyamwezi," akasema, huku akinitazama nikirukaruka, "mlibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, na wakati wa kurudi mkasahau akili kambini."

"Nawe ukaja huku kuitafuta," nikamjibu. "Mbona hujaipata mpaka leo?"

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Baada ya hapo alinifundisha kwa dhati. Kugonga muhuri kwa pigo moja, si mawili, maana pigo la pili hufuta la kwanza. Kulowanisha stempu kwa sponji, si kwa ulimi, kwa sababu mchana wa kiangazi ulimi hukauka kabla ya foleni. Kufunga uzi wa mfuko kwa fundo ambalo panya hawalipendi. Sijui kwa nini hawalipendi, lakini ni kweli. Baada ya miaka michache nilikuwa nakaa dirishani mwenyewe, na yeye anakaa nyuma yangu akikosoa.

Kisha ikaja vita, ile ya pili.

Vijana wa kwetu walichukuliwa kwa treni, wengine kwa hiari, wengine kwa hiari ya jumbe wao. Waliobaki waliambiwa wachume mpira wa msituni na kuleta nta, maana Serikali ilivitaka. Kaniki ikaadimika dukani, mafuta ya taa yakaadimika, sukari ikawa hadithi. Barua tu ndizo hazikuadimika. Zilikuja kwa mafungu, zimekatwakatwa na makasi ya wakaguzi wa jeshi, nyingine zina matundu kama ungo. Mke anakuuliza, "Hapa palipokatwa alisema nini?" Unamwambia hujui. Anakuuliza tena. Unamwambia tena. Anaenda kumwita mama mkwe aje akuulize yeye.

Nao walitaka kujibu. Waandishi walikuwa wachache, kwa hiyo karani wa dirisha akawa mwandishi wa kijiji kizima. Ilibidi kuandika kwa Kiswahili, kwa sababu barua ya Kinyamwezi ilikaa kwa wakaguzi mpaka wampate wa kuisoma. Basi mama anasimama anasema kwa Kinyamwezi, wewe unaandika kwa Kiswahili, na salamu peke yake zinamaliza ukurasa: msalimie huyu, msalimie yule, mwambie na mbwa hajambo. Ukifika kwenye habari yenyewe karatasi imekwisha. Mmoja alitaka nimtilie mumewe karanga za kukaanga ndani ya bahasha. Nilimweleza kwamba haziwezi kufika. Akasema nizisage.

Mwanzoni mwa vita nilifanya kosa dogo. Nilimtolea mtu barua kwa kumsomea majina yaliyo juu ya bahasha. Kila jina nililosoma alisema ndiyo. Barua haikuwa yake. Mwenye barua alipiga kelele mpaka mkaguzi wetu wa ofisi za barua akaja kwa treni na karatasi iliyopigwa chapa, akaibandika kando ya dirisha: asiyetaja jina lililoandikwa juu ya bahasha, asipewe, karani asimtajie, barua ikimaliza siku zake bila kudaiwa, ipigwe muhuri, irudi ilikotoka. Nilikuwa na wadogo watatu wanaonitegemea. Niliishika sheria ile kuliko Amri Kumi.

Vita ilipokolea, Mzee Feruzi aliitwa Tabora mjini kusaidia, maana mifuko ilikuwa inalala sakafuni. Nikabaki peke yangu. Ndipo alipoanza kuja mama mmoja kijana, mtoto wa kike mgongoni, ametembea tangu alfajiri. Jina lake Nyamizi, ingawa wakati huo sikulijua. Alikuja siku ya barua, akasubiri mpaka wote waishe.

"Shikamoo, bwana karani. Barua ya baba Kabula ipo?"

"Marahaba. Baba Kabula ndiye nani?"

Akamgeuza mtoto kidogo ili nimwone. "Baba yake huyu."

"Jina lake?"

"Kabula."

"La mumeo!"

Akatazama chini. Nikamwonyesha karatasi ya ukutani, ambayo hakuweza kuisoma. Nikamwambia bila jina hakuna barua. Akasema, "Haya," akaondoka.

Wiki iliyofuata akarudi. Shikamoo, marahaba, barua ya baba Kabula. Nikamwambia jeshini hakuna kikosi cha akina baba Kabula. Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Yeye akasema, "Ni yule mrefu, ana kovu hapa," akagusa nyusi. Nikamwuliza kama anadhani wanabandika makovu kwenye bahasha. Wiki nyingine akaja na kamba ya viatu vya mumewe, sijui nifanye nayo nini. Kwa kweli nilikuwa nimemchoka. Nilidhani ni mkaidi, au hana akili timamu, au mume mwenyewe hayupo. Na muda wote ule, kwenye tundu la rafu ya barua za jeshi, ilikaa bahasha imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani wa kikosi: Mke wa Luhende Mayunga. Hakuna aliyekuja kumtaja Luhende Mayunga. Siku zilipokwisha niliigonga muhuri, pigo moja, ikarudi. Ikaja ya pili. Nikairudisha. Ikaja ya tatu.

Msinicheke bado.

Baadaye, wakati wa kuvuna mtama, alisimama dirishani mwanamume mrefu mwenye vumbi mpaka magotini. Aliitwa Nkwabi, mfugaji, alikuwa ametembea kutoka upande wa Nzega. Nyuma yake alikuwa Nyamizi, yule wa barua ya baba Kabula, mtoto mgongoni, kikapu kichwani, jembe mkononi. Kwetu mwanamke akitembea na kikapu chake na jembe lake pamoja, haendi shambani. Anarudishwa kwao.

Nkwabi akapitisha barua chini ya nondo za dirisha. "Soma hiyo, karani. Katekista wa kwetu ameshanisomea, lakini nataka niisikie kwako, kwa sababu nasikia muhuri ni wako."

Nikasoma. "Kaka Nkwabi, salamu sana. Mimi mzima, kazi ni nyingi. Nimempelekea mke wangu barua tatu, na zote tatu zimenirudia zimepigwa muhuri kwamba hakuna aliyezidai. Kaka, kama ameondoka nyumbani kwetu niambie. Na kama yupo ila hazitaki barua zangu, basi arudi kwao Ziba, na mtoto umchukue wewe umlee kwako. Mimi ndugu yako, Luhende Mayunga."

Mzee Feruzi alinifundisha kusoma barua ya mtu bila uso kubadilika. Siku ile nilishindwa.

"Yeye anasema alikuwa anakuja hapa kila wiki," Nkwabi akasema. "Mama yetu mzee, haoni vizuri, alimwona akiondoka tu, hakujua anakokwenda. Mimi niko mbali na ng'ombe. Sasa wewe ndiwe shahidi. Alikuwa anakuja, au alikuwa na njia yake nyingine?"

Mtoto alikuwa anatafuna ncha ya kaniki ya Nyamizi.

"Alikuwa anakuja," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya barua."

"Na barua zilikuwapo?"

Nilitamani treni ipite, tusisikilizane. Haikupita. "Zilikuwapo."

"Sasa?"

"Nilimwuliza jina la mumewe. Hakulitaja."

Nkwabi alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyepanda juu ya nyumba. "Ulitaka amtaje Luhende?"

"Jina lote la kwenye bahasha."

"Na Mayunga? Baba yetu? Baba mkwe wake?"

"Ndiyo."

"Karani, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi kabisa? Mama yako alikuwa anamtaja baba mkwe wake, hivi hivi, kama anaita kuku?"

"Babu alikufa kabla sijazaliwa," nikasema. "Na mama alikufa nikiwa shuleni. Sijui alikuwa anamwitaje."

Mwiko wa mke kutaja jina la mume au la baba mkwe nilikuwa nimewahi kuusikia, kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali. Lakini nyumbani kwetu tulikuwa watoto wanne tu. Hapakuwa na mke wa mtu, wala mkwe, wala shangazi wa kutukanya. Tena wake wengi waliofika dirishani walikuwa Wakristo na waume zao walibatizwa; jina la Yohana au Petro halina mwiko, wanalitamka mchana kweupe. Wengine walikuja na mdogo wa mume, au na mtani, huyo ndiye anayetaja. Nami sikuwahi kujiuliza kwa nini wanakuja wawili wawili kuchukua karatasi moja. Nilidhani wanapenda kunijazia ofisi.

Nikamgeukia Nyamizi. "Mbona hukuniambia kwamba ni mwiko?"

"Nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani unanifanyia makusudi."

Nkwabi akavuta pumzi. "Haya. Maneno yako nimeyasikia, lakini ndugu yangu ana karatasi tatu zenye muhuri, na wewe una mdomo. Mwandikie nawe karatasi. Mtoto atakaa na mama yake mpaka jibu lije. Jibu likisema arudi kwao, atarudi, na mtoto nitamchukua. Mimi si mtu mbaya, karani, lakini yeye ndiye mume."

Jioni ile Mzee Feruzi alirudi kutoka Tabora, nikamsimulia yote, na nilikuwa bado nahangaika na karatasi. Niogope nisiogope? Barua ile ingesomwa na wakaguzi wa jeshi, ingeweza kurudi mpaka kwa mkaguzi wetu, na karani aliyekiri kosa kwa mwandiko wake mwenyewe amejifukuza mwenyewe. Wadogo zangu walikuwa bado mezani kwangu. Nikaandika: "Kwa bahati mbaya barua hizo hazikutolewa kwa mwenyewe kwa wakati."

Mzee Feruzi akaisoma akiwa amesimama, hajavua hata kofia.

"Hazikutolewa na nani?" akauliza. "Na upepo?"

"Mzee, nina watoto watatu wa kulisha, wadogo zangu."

"Na huyu mama ana mmoja, na yuko karibu kunyang'anywa." Akairudisha karatasi. "Misafara mizima ya babu zako ilipita nchi hii na mizigo ya watu, na ilifika. Wewe umekabidhiwa karatasi tatu, umekaa kwenye kiti, zimekushinda. Andika mimi."

Nikaandika mimi. Mimi karani nilimkatalia mkeo, amekuja kila wiki, nimemcheka mbele ya watu, barua nilikuwa nazo. Nyamizi alipokuja asubuhi nikamsomea, nikamwambia sasa aseme ya kwake. Nilikuwa nimeshamtayarishia maneno ya kubembeleza, kwamba analia usiku na mchana, kwamba hana mwingine.

"Mwambie mtama umekubali," akasema. "Mwambie paa la mama nimelirudishia nyasi. Mwambie Kabula anatembea, na ameanza kumjibu bibi yake vibaya."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Mama Kabula, huyu mtu anataka kukuacha! Ongeza kitu."

"Nimesema basi. Usitie yako." Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama safari hii ningeipeleka kweli, au ningeirudisha.

Tangu siku hiyo Mzee Feruzi aliibadilisha kazi yetu bila kuigusa ile karatasi ya ukutani. Siku ya barua alitoka nje, akasimama mlangoni, akasoma bahasha zote kwa sauti moja baada ya nyingine. Mwenye yake anyooshe mkono, na jirani mmoja athibitishe. Kwa kuwa ni mtani wa kila mtu pale, alitaja majina ya wakwe na baba wakwe bila haya, akiongezea yake: "Mayunga! Nani amemwoa mtoto wa Mayunga, masikini, ajitokeze tumpe pole!" Wanawake walijifunika nyuso kwa vicheko. Mkaguzi alipokuja nilimweleza yote, maana nilishaandika mimi na haikuwa na faida tena kuficha. Alinipa barua ya onyo. Utaratibu wa mlangoni aliutazama muda mrefu, akauliza kama kuna barua iliyopotea tangu uanze. Hakuna. Akapanda treni. Kwa hiyo ninyi mnaokaa dirishani leo mkisikia wateja wanaitwa kwa kelele mlangoni, mkauona ni ushamba, jueni ulikotoka.

Jibu halikuja. Mavuno yakaisha, mvua zikaanza, watu wakapanda. Nyamizi alikuja kila wiki, mtoto sasa anatembea mwenyewe kipande cha njia kisha anadai kubebwa. Alisimama mbali kidogo, akasikiliza majina mpaka la mwisho, akaenda. Hakuniuliza kitu. Ningefurahi kama angeuliza. Nkwabi aliagiza mtu mara mbili kuuliza kama jibu limefika, na mara ya pili mtu yule alisema subira ya Nkwabi ni mpaka palizi ya kwanza.

Lilifika palizi ya kwanza ikiwa imeshaanza. Mzee Feruzi alikuwa na homa, kwa hiyo nilisoma majina mimi mwenyewe, na nilipofika kwenye Mke wa Luhende Mayunga nikasoma mara mbili. Nyamizi akanyoosha mkono. Jirani akathibitisha. Nikampa bahasha, akaipokea kwa mikono miwili, akanirudishia.

"Soma."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Ulinicheka hapa."

Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyeondoka. Nikafungua. Makasi ya jeshi yalikuwa yamekata sehemu mbili, lakini maneno yenyewe yalikuwapo.

"Mama Kabula, salamu sana. Nimepata barua, nimesomewa mara nne. Kumbe ulikuwa unakwenda. Kaa nyumbani na mtoto wetu, na kaka Nkwabi nimemwandikia asikuguse. Kuhusu paa la mama, ahsante. Kama Kabula anamjibu bibi yake vibaya, amenifuata mimi, usimpige."

Kina mama wakapiga vigelegele. Nyamizi alikuwa ameinama, anamfunga mtoto ambaye alikuwa ameshafungwa vizuri. Nikadhani imekwisha, nikaanza kuikunja, nikaona upande wa pili nao umeandikwa, tena kwa maandishi ya kubana.

"Kuna kingine?" akauliza.

"Si cha lazima."

"Soma."

Nikasoma. "Na huyo karani mwambie hivi. Nimelala majini, nimeumwa na ruba, nimepigwa risasi na watu nisiowajua, na hakuna kati yao aliyeniumiza kama yeye na muhuri wake. Mwambie huku tuna nyumbu wa kubeba mizigo, si wale wa porini, ni wanyama waliozaliwa na punda na farasi. Hawakusoma shule hata moja, hawana kiti wala dirisha, lakini kila walichokabidhiwa wamekifikisha kwa mwenyewe. Mwambie nikirudi nitasimama dirishani kwake siku ya watu wengi, nimtake ataje jina la mama mkwe wake, na asipolitaja simpi nafasi ya kula mchana."

Walicheka mpaka mzee mmoja akakaa chini. Nilingoja waishe, kisha nikamkabidhi Nyamizi barua yake. Hakuipokea.

"Soma tena," akasema.

"Pale pa mtoto?"

"Pale pa nyumbu."

Nikaigeuza karatasi, nikasoma tena.